Kutathmini hatari ya mafuriko na tope mtaani: mwongozo kwa kamati za Arusha na Moshi

Mkazi wa Unga Limited, Sombetini au Muriet jijini Arusha, au wa Njoro, Msaranga na Mabogini upande wa Moshi, anajua kwamba mafuriko yanaweza kumfikia wakati juu ya paa lake hakujaanguka hata tone moja. Mvua imenyesha kwenye msitu wa Meru au miteremko ya Kilimanjaro, maji yamekusanyika kwenye makorongo, na baada ya muda yanapita mtaani yakiwa yamebeba magogo, mawe na udongo. Tathmini inayofanywa kwa kuutazama mtaa peke yake ina kasoro tangu mwanzo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za mitaa na vijiji, na lengo lake ni moja: kabla masika hayajaanza, kamati iweze kusema nani ahamishwe kwanza, apite njia ipi, na apewe taarifa na nani.

Mifano ya karibu inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Novemba 2009 maporomoko ya ardhi huko Goha, wilayani Same, yaliua watu zaidi ya 20. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang, katika mkoa jirani wa Manyara, ilimeguka baada ya mvua kubwa, na tope likashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya Gendabi na Jorodom. Waliofariki walizidi 80. Aprili 2024 maji yalisomba gari lililobeba wanafunzi ndani ya Jiji la Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Matukio haya hayakufanana. La Goha lilikuwa ardhi iliyoporomoka, la Hanang lilikuwa tope lililosafiri mbali na mlima, na la Arusha lilikuwa maji ya korongo yaliyokuta gari njiani. Kamati inapaswa kujiuliza ni lipi kati ya hayo linaweza kutokea kwake, kwa kuwa maandalizi ya moja hayatoshelezi lingine. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya mtaa na kijiji, kwa hiyo kazi hii ni wajibu wenu halali, wala hamhitaji kusubiri mtaalamu kutoka Dodoma.

Katika kurasa hizi, tishio ni maji au tope lenyewe: wingi wake, kasi yake, na ni mara ngapi huja. Walio njiani ni watu, nyumba, mifugo, madaraja na mashamba yaliyo mahali ambapo tishio hupita. Udhaifu ni zile hali zinazofanya nyumba moja ibomoke na jirani yake ibaki, au mtu mmoja aokoke na mwingine afe ilhali wote walikuwa chini ya paa moja. Hatari ni matokeo ya vyote vitatu vikikutana. Korongo linalofurika kila mwaka katikati ya pori lisilo na mtu ni tishio kubwa lenye hatari ndogo, na mtaro mdogo unaopita kando ya chumba cha mgonjwa asiyeweza kuinuka unaweza kuwa hatari kubwa kuliko mto.

Anzeni juu

Siku ya kwanza ya kazi msiitumie mtaani. Fuateni korongo au mto wenu kuelekea mlimani kadiri mnavyoweza kufika salama, wakati wa kiangazi, mkiwa na mtu anayelifahamu eneo hilo, na mkiwa mmewaarifu viongozi wa kata za juu. Themi, Naura, Burka na Ngarenaro hushuka kutoka Meru. Karanga, Njoro, Rau na Weruweru hushuka kutoka Kilimanjaro. Mnachotafuta huko ni vitu ambavyo maji yatavichukua na vitu vitakavyoyazuia. Miteremko hii ina udongo uliotokana na majivu ya volkano, ambao hulika haraka ukiondolewa miti, na ukishashiba maji hupoteza mshikamano wake. Andikeni palipolimwa hadi ukingoni, palipochimbwa mchanga au moramu, palipoungua moto, na palipo na miti iliyoangukia ndani ya korongo. Moto uliowaka Kilimanjaro mwezi Oktoba 2020 uliteketeza uoto mwingi wa sehemu za juu, na ardhi iliyoungua huachia maji ya mvua kwa kasi zaidi kuliko ile iliyofunikwa na majani.

Tazameni mawe. Jiwe kubwa lililokaa katikati ya korongo, likiwa na kingo zilizosuguliwa na udongo mgumu umelizunguka, halikuletwa na maji ya kawaida. Likionekana pamoja na mengine ya ukubwa tofauti yaliyochanganyika na tope lililokauka, yaani changarawe, mchanga na mawe vikiwa katika tabaka moja bila kupangika, hapo panaonekana njia ya zamani ya tope. Maji safi hupanga vitu kwa uzito, ilhali tope hubeba kila kitu kwa pamoja na kukiacha linapochoka. Alama hizo ni ushahidi wenye thamani kubwa kuliko maneno ya mtu yeyote anayesema kwamba eneo hilo halijawahi kupata tatizo.

Baada ya hapo, wasikilizeni wazee. Wengi hawakumbuki mwaka, lakini wanakumbuka tukio lililokuwa karibu nao, kwa hiyo msiulize tarehe kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni."

"Bibi, maji yaliwahi kufika hapa?"

"Hapa? Yalifika kwenye ile kona ya jiko. Yule wa tatu nilikuwa nimembeba mgongoni."

Kutoka hapo muulizeni kama ilikuwa kabla au baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mvua za El Nino za 1997 na 1998, au msiba wa Mwalimu wa Oktoba 1999. Mtoto wa tatu alizaliwa mwaka gani? Sasa mna tarehe, na mkimwomba awaonyeshe kwa mkono mahali maji yalipofika ukutani, mna kimo pia. Pimeni kwa futi kamba kutoka ardhini, piga picha, andika. Nyumba tano zikitaja kimo kinachokaribiana kwa tukio lilelile, taarifa hiyo inaaminika.

Waulizeni wazee jambo moja zaidi: korongo lilifanya nini kabla ya maji makubwa kuja. Mto ukipungua ghafla wakati mvua inaendelea kunyesha juu, au maji yakibadilika kuwa mazito na meusi, huenda kuna kizuizi huko juu ambacho kitaachia wakati wowote. Kanuni hiyo inaokoa maisha baharini pia. Tarehe 26 Desemba 2004, katika pwani nyingi za Bahari ya Hindi, maji yalirudi nyuma kabla ya tsunami kufika, na watu wengi walikwenda kutazama. Kwenye kisiwa cha Simeulue nchini Indonesia wakazi walikimbilia vilimani mara moja, kwa sababu simulizi ya wimbi la mwaka 1907 ilikuwa imerithishwa kutoka kizazi hadi kizazi, na kati ya wakazi wapatao 78,000 waliofariki walikuwa wachache mno. Sisi wa mlimani tunahitaji simulizi ya aina hiyo kuhusu makorongo yetu, na kwa maoni yangu kuiandika na kuifundisha shuleni ni sehemu ya tathmini kama ilivyo kupima kimo cha maji.

Hesabu chache zinazotosha

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50 ndani ya saa 24, kiwango ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa huhesabu kuwa mvua kubwa, ikinyesha kwenye kilomita moja ya mraba huleta lita milioni 50. Sehemu yake huzama ardhini na kunyonywa na mizizi; sehemu inayobaki ndiyo inayowafikia, nayo huongezeka kila panapojengwa au kuwekwa lami.

Ili kujua kasi ya mto, pimeni mita 20 ukingoni, mtupe kijiti juu ya maji na kuhesabu sekunde. Kikitumia sekunde 10, kasi ya juu ya maji ni mita 2 kwa sekunde. Zidisheni kwa 0.8, maana maji ya chini huenda polepole zaidi. Upana wa mita 4 ukizidishwa kwa kina cha wastani cha nusu mita na kasi ya 1.6 unatoa mita za ujazo 3.2 kwa sekunde. Kipimo hiki hufanywa siku ya maji ya kawaida, na kamwe mtu asikaribie ukingo wakati wa mafuriko.

Hesabu yenye manufaa makubwa zaidi ni ya makalavati. Bomba lenye kipenyo cha mita moja lina nafasi isiyofikia mita moja ya mraba, na maji yakipita kwa mita 2.5 kwa sekunde linapitisha takriban mita za ujazo 2 kwa sekunde. Kama alama za zamani zinaonyesha kwamba korongo lilijaa upana wa mita 6 kwa kina cha mita moja kwa kasi hiyohiyo, maji yalikuwa mita za ujazo 15, yaani zaidi ya mara saba ya uwezo wa bomba. Yanayobaki yatapita juu ya barabara au kugeukia nyumba za pembeni. Hapo bomba bado ni safi. Chungulieni ndani yake mwezi wa pili: chupa za plastiki, mifuko ya saruji, matawi ya mgomba, godoro lililokunjwa, na mchanga uliojaa hadi nusu. Uwezo halisi mnaopaswa kuuandika ni huo mnaouona.

Pimeni na muda. Kata iliyo kilomita 6 juu yenu ikiona maji makubwa, na maji hayo yakisafiri kwa mita 2 kwa sekunde, mna dakika 50. Kwa mita 4 kwa sekunde mna 25. Namba hiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa tathmini, kwa sababu mpango wote wa kuokoa watu unapaswa kuenea ndani yake.

Ramani ya mistari mitatu

Chukueni picha ya setilaiti ya mtaa, muichapishe kwa ukubwa unaoonekana mezani, kisha mchore mistari mitatu: mahali maji hufika karibu kila masika, mahali yalipofika katika tukio kubwa kuliko yote linalokumbukwa, na mahali ambapo yanaweza kufika endapo kalavati litaziba au tope likiwa zito. Mstari wa tatu huleta ubishi mkutanoni, hasa kutoka kwa wenye viwanja, lakini msiufute kwa sababu hiyo. Mwaka 2011 huko Japani, nchi yenye ramani nzuri za tsunami kuliko nchi nyingi, mawimbi yalivuka mipaka iliyokuwa imechorwa, na kuna watu waliofia mahali walipoamini kuwa ni salama kwa sababu ramani ilisema hivyo. Mstari uwe wa kuwasaidia watu kupanga, na kila atakayeuona aambiwe kwamba maji hayausomi.

Walio njiani, na saa ngapi

Hesabuni watu kwa usiku na kwa mchana kando kando. Mtaa uleule una sura tofauti saa nane usiku, saa moja asubuhi watoto wanapokwenda shule, na siku ya soko. Nyumba yenye geti zuri barabarani inaweza kuwa na vyumba vya kupanga nyuma, vilivyojengwa kuelekea korongo kwa sababu upande huo kiwanja kilibaki, na balozi huenda hawajui wapangaji hao kwa majina. Ingieni hadi uani. Andikeni vivuko ambavyo Hiace na bodaboda hupita maji yakiwa yamejaa, maana maji ya sentimita 30 yaendayo kasi yanaweza kusogeza gari dogo na sentimita 60 zikabeba magari mengi. Kivuko cha aina hiyo kwenye njia ya gari la shule ni jambo la kushughulikiwa wiki hiyohiyo. Vyoo vya shimo, visima na nguzo za umeme viorodheshwe pia, kwani kipindupindu hufuata maji yanapokauka. Kwa vijiji vya chini ya Moshi, ongezeni mashamba ya mpunga, mifereji ya umwagiliaji na mifugo.

Udhaifu: nyumba kwa nyumba

Hapa ndipo kazi inapohitaji muda na utu, na ndipo tathmini nyingi hukimbia. Kuandika kwamba "wakazi wengi ni maskini" hakusaidii chochote. Kinachohitajika ni kujua, kwa kila nyumba iliyo ndani ya mistari mitatu, kitu gani kingewazuia watu kutoka.

Angalieni mlango. Ukifunguka kwa nje, maji ya magotini yatauzuia. Madirisha yenye nondo nzito ni kinga dhidi ya wezi, lakini chumba chenye mlango mmoja na nondo kila upande hakina pa kutokea. Geti likifungwa kwa kufuli usiku, ufunguo unakaa kwa nani, na mpangaji wa uani anaweza kuupata? Ukuta wa udongo au wa tofali lisilochomwa hulainika maji yakikaa, ilhali wa tofali za saruji huvumilia zaidi iwapo msingi haujachimbuliwa. Tazameni upande wa nyuma, pale ukingo wa korongo unapoliwa kidogo kidogo, mkapime umbali kutoka ukingo hadi msingi; mwaka ujao mtapima tena.

Kisha ulizeni kuhusu watu. Nani hawezi kutembea, haoni au hasikii? Mama mwenye watoto wadogo watatu analala peke yake nao? Kuna mzee asiyetumia simu, au familia ambayo tangazo la Kiswahili halitaifikia vizuri kwa kuwa wazee wake huzungumza zaidi Kimaasai au Kichaga? Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa hataondoka na kuwaacha, na kumlaumu siyo njia. Muulizeni angewapeleka wapi, na mtafute mahali pa juu pa kuwafunga, kwa sababu hiyo ndiyo gharama ya kumfanya akubali kuhama mapema. Anayelala hapo kwa sababu hana kodi ya chumba kingine msimpe somo la hatari, kwani anaijua kuliko ninyi.

Majibu haya ni siri ya nyumba. Ombeni ruhusa, elezeni yatatumika wapi, na orodha yenye majina ibaki kwa watu wachache waliopewa dhamana. Mkutanoni zisomwe idadi tu. Nimeona mahali ambapo hali ya mgonjwa ilitajwa mbele za watu, na tangu siku hiyo nyumba za jirani zilikataa kuhojiwa.

Kupanga viwango

Wapeni tishio, walio njiani na udhaifu alama 1 hadi 3 kwa kila nyumba, kisha mzidishe. Nyumba yenye 3, 2 na 3 inapata 18. Yenye 3, 2 na 1 inapata 6, ingawa zote ziko kwenye korongo moja. Njia hii ni nyepesi na inatosha kupanga foleni, ila msiiachie iamue kila kitu. Kwa maoni yangu, mtu asiyeweza kujitoa mwenyewe akiwa ndani ya mstari wa kwanza awekwe juu kabisa ya orodha, alama zake ziwe ngapi.

Watu watauliza tukio kubwa litakuja lini. Wajibuni kwa uwezekano. Mafuriko yenye nafasi ya moja katika kumi kila mwaka yanaweza kutokea miaka miwili mfululizo, na kwa anayejenga nyumba ya kukaa miaka 30 uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ni takriban asilimia 96. Hata yale ya nafasi ya moja katika mia yana uwezekano wa asilimia 26 katika miaka hiyo 30. Hesabu hiyo ni msingi mzuri wa mazungumzo na yeyote anayetaka kuuza kiwanja ukingoni, sambamba na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto.

Kuitumia tathmini

Ipelekeni kwenye mkutano mkuu wa mtaa, kisha kata na halmashauri, na nakala kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iliyopo Moshi na kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuhusu makalavati. Ombi linaloandikwa "kalavati hili linapitisha mita za ujazo 2 ilhali linahitajika kupitisha 15, na nyumba 40 ziko chini yake" ni gumu kuliweka pembeni kuliko lile linalosema barabara ni mbaya.

Ndani ya uwezo wenu wenyewe kuna mengi. Zibueni mitaro na makalavati Februari kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na Septemba kabla ya vuli. Chagueni watu wawili katika kata ya juu, wenye simu na wanaoishi karibu na mto, ambao watapiga simu maji yakifika alama iliyopakwa rangi kwenye jiwe au nguzo. Wapeni vocha, na wapigieni ninyi kwanza kila mara Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo au tahadhari. Kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti vikubaliwe mapema kuwa ishara, kwa mlio usiofanana na wa ibada. Kila nyumba ya juu ya orodha ipangiwe majirani wawili wa kuifikia, na mazoezi yafanyike mara moja gizani, kwa kuwa njia inayoonekana rahisi mchana huwa na mtaro wazi usiku. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe ukutani.

Kila maji yanapopita, mtu mmoja aliyeteuliwa aandike kwenye daftari la mtaa tarehe, saa simu ya kata ya juu ilipopigwa, saa maji yalipofika, kimo chake kwenye nguzo iliyowekwa alama, na nyumba zilizoingiwa. Masika yakiisha, kamati ikae na ramani na daftari hilo mezani, irekebishe mistari na muda wa tahadhari, na ipitie orodha ya nyumba upya kwa kuwa wapangaji watakuwa wamehama, watoto wamezaliwa, na ukingo wa korongo umesogea.